Voltaire au Rousseau: uanze na yupi?

Voltaire alifariki Paris tarehe 30 Mei 1778. Siku thelathini na tatu baadaye akafuata Jean-Jacques Rousseau, kijijini Ermenonville. Leo makaburi yao yanatazamana ndani ya Panthéon, jengo ambamo Wafaransa huwalaza watu wao wakubwa. Aliyepanga hivyo lazima alipenda utani, maana wakiwa hai wawili hawa walifika mahali pa kutoweza kuandikiana hata barua bila kuumizana.

Wanafunzi wa historia wa kidato cha tano na sita huwakuta wamefungwa pamoja kama mzigo wa kuni: Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalichochewa na wanafalsafa, nao ni Voltaire, Rousseau na Montesquieu. Unakariri, unajibu mtihani, unasahau. Ukibaki na sentensi hiyo peke yake utadhani walikuwa timu moja. Kweli zama zao ni moja, Zama za Mwangaza, wakati ambapo watu wa Ulaya walianza kuhoji hadharani kama mfalme na kanisa wana haki ya kuwafikiria mambo yao. Lakini ndani ya hoja hiyo moja kila mtu alivuta kamba upande wake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na yupi, simwambii "wote wawili". Atakayemsoma kwanza ndiye atakayempa macho ya kumsomea mwenzake. Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilichukua Du contrat social cha Rousseau, yaani Mkataba wa Jamii, kwa kuwa ndicho kilichotajwa darasani, nikakwama mapema, kikalala chini ya godoro karibu mwaka mzima. Sipendi upite njia hiyo.

Fimbo na lango

Jina la kuzaliwa la Voltaire ni François-Marie Arouet. Alizaliwa Paris mwaka 1694, baba akiwa mthibitishaji wa hati mwenye uwezo wake, akasomeshwa na mapadri Wajesuiti. Ulimi wake haukuwa na kifuniko. Mwaka 1717 mashairi ya kumkejeli mtu aliyeshikilia utawala kwa niaba ya mfalme mtoto yalimpeleka gereza la Bastille, akakaa humo kama miezi kumi na moja. Alipotoka, tamthilia yake Œdipe ilimpa umaarufu mwaka 1718, na wakubwa wakaanza kumwita mezani. Akadhani amekuwa mwenzao.

Mwaka 1726 alijibizana na bwana wa ukoo mkubwa, chevalier de Rohan. Bwana yule hakujisumbua kujibu kwa maneno. Aliwatuma watumishi wake wamchape Voltaire fimbo mtaani. Voltaire alipotaka kulipa kwa upanga, aliyewekwa ndani ni yeye aliyepigwa. Wale marafiki wa mezani wakatazama pembeni. Akatolewa Bastille kwa makubaliano kwamba ataondoka nchini, akavuka bahari kwenda Uingereza.

Huko ndiko alikoona kwamba mambo yanaweza kupangwa vingine. Kitabu alichokitoa baadaye kuhusu Waingereza, ambacho toleo lake la Kifaransa lilichomwa moto Paris mwaka 1734, kinaeleza habari za Newton, chanjo ya ndui na madhehebu ya Wakweka, lakini ukurasa ninaoupenda ni ule wa soko la hisa la London. Myahudi, Mwislamu na Mkristo wanafanya biashara kana kwamba dini yao ni moja, anasema, na anayeitwa kafiri pale ni aliyefilisika tu. Msomaji aliyekulia kwenye mji wa bandari ataielewa sentensi hiyo kabla hajaimaliza.

Sasa Rousseau. Alizaliwa Geneva mwaka 1712, mama yake akafa siku chache baadaye. Baba alikuwa fundi saa. Kijana akapelekwa kujifunza kazi kwa mchonga nakshi mkali aliyempiga. Siku moja mwaka 1728, hajatimiza miaka kumi na sita, alichelewa kurudi matembezini akakuta malango ya mji yamefungwa. Alishapata adhabu kwa kosa hilo hilo. Safari hii hakungoja asubuhi ajieleze, aligeuza mgongo akaondoka. Kuanzia hapo hakuwahi kuwa mwenyeji kamili mahali popote: mtumishi wa nyumba Turin, mpenzi na mtoto wa kulelewa wa Madame de Warens, mwalimu wa muziki asiyejua muziki vizuri, mwisho mnakili wa nota za muziki Paris, akilipwa kwa kurasa.

Ukitaka kuelewa tofauti yao yote, shikilia matukio haya mawili. Aliyechapwa fimbo alijifunza kwamba bila fedha na watu wenye nguvu nyuma yako, haki ni hadithi, akaanza kuvitafuta vyote viwili. Aliyefungiwa lango akaanza kujiuliza lango lenyewe lilijengwa na nani, na kwa nini watu wanakubali kukaa ndani.

Voltaire aliutafuta utajiri kwa bidii. Karibu na 1730, yeye na mwanahisabati La Condamine waligundua kosa katika bahati nasibu ya serikali: zawadi zilizidi gharama ya kununua tikiti. Wakaungana na wenzao, wakanunua tikiti kwa wingi, wakavuna. Uzeeni alikuwa bwana wa Ferney, karibu na mpaka wa Geneva ili akisakwa na upande mmoja akimbilie mwingine, akiwa na mafundi saa wanaouza kazi zao kwa wafalme. Mtoto halisi wa fundi saa, Rousseau, wakati huo alikuwa ameiuza saa yake akishukuru kwamba hatahitaji tena kujua ni saa ngapi. Mwaka 1752 opera yake fupi ilimfurahisha Louis wa 15, akaitwa aonane na mfalme, pengine apewe posho ya maisha. Hakwenda.

Unaweza kumwona shujaa au mjinga. Mimi namwona mtu anayejua kwamba akishapewa posho hataweza kuandika anachotaka, jambo ambalo Voltaire alilitatua kwa kuwa tajiri kiasi cha kutohitaji posho ya mtu. Njia zote mbili zilifanya kazi, na zote zina gharama.

Lisbon ilipoanguka

Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa ya Lisbon yakiwa yamejaa, ardhi ilitetemeka. Likaja wimbi la bahari, kisha moto. Maelfu ya watu wakafa. Ulaya nzima ikauliza swali ambalo kila aliyefiwa huliuliza.

Voltaire aliandika shairi la hasira. Walikuwapo wenye falsafa waliofundisha kwamba Mungu ameumba ulimwengu bora kuliko wote unaowezekana, hivyo lolote linalotokea lina nafasi yake. Yeye akawauliza watoto waliopondwa vifuani mwa mama zao walikosa nini, na Lisbon ilikuwa na dhambi gani kuzidi Paris, ambako watu wanacheza dansi.

Rousseau akamjibu kwa barua ndefu ya Agosti 1756. Anasema, kwa kifupi: si maumbile yaliyokusanya nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba mahali pamoja. Watu wangetawanyika, madhara yangepungua. Na wangapi walikufa kwa sababu walirudi ndani kuchukua nguo, karatasi au fedha?

Kila mafuriko yanapobomoa nyumba za bondeni, ubishi huu unaanza upya, na wapo wanaolaumu mvua na wapo wanaouliza nani aliruhusu watu kujenga pale. Ukijikuta mara kwa mara upande wa hao wa pili, tayari wewe ni mtu wa Rousseau hata kama hujamfungua. Lakini soma barua yake mpaka mwisho, kwa sababu anapomaliza hoja ya nyumba anageuka kumtetea Mungu, tena kwa kukiri kwamba anaamini kwa sababu hawezi kuishi bila kuamini. Anamwambia Voltaire: wewe una shibe na sifa, na bado unaona ulimwengu ni mbaya, mimi maskini na mgonjwa, naona ni mwema. Sehemu hii humchukiza msomaji mmoja na kumliza mwingine.

Voltaire alitoa udhuru wa ugonjwa, akaahirisha jibu. Mwaka 1759 ikatoka Candide, hadithi ya kijana aliyefundishwa kwamba kila kitu ni chema, halafu anakutana na vita, tetemeko lile lile la Lisbon, watu wanaochomwa kwa ajili ya imani, na kadhalika. Rousseau baadaye alidai kwamba Candide ndiyo jibu la barua yake. Akaongeza kwamba hawezi kuizungumzia, kwa kuwa hajaisoma!

Mwaka 1762

Kama ningepewa mwaka mmoja tu wa kuwalinganisha, ningechukua huu.

Tarehe 10 Machi 1762, mjini Toulouse, mfanyabiashara Mprotestanti aitwaye Jean Calas aliuawa kwa kuvunjwavunjwa mifupa kwenye gurudumu. Mwanawe alikutwa amekufa nyumbani Oktoba iliyotangulia, na mji wa Wakatoliki ukaamini kwamba baba alimuua ili asibadili dhehebu. Voltaire alipopata habari hakuwa na hakika. Alijua kwamba kama mzee kweli alimuua mwanawe, basi ushupavu ni wa Waprotestanti, na kama hakumuua, ni wa mahakimu. Akaita watu, akahoji, akasoma karatasi. Aliporidhika kwamba mzee hakuwa na hatia, akaanza kazi: barua kwa mawaziri na masuria wa wakubwa, mawakili, fedha kwa mjane, na mwaka 1763 kitabu juu ya uvumilivu wa dini, Traité sur la tolérance. Tarehe 9 Machi 1765, siku moja kabla ya kutimia miaka mitatu, jina la Calas likasafishwa mahakamani.

Hakuna nadharia kubwa hapo. Kuna marehemu mmoja mwenye jina, mjane wake, na mzee mgonjwa wa karibu miaka sabini anayeandika kila siku mpaka serikali ione aibu. Anayetaka kujifunza namna ya kupigania jambo moja mpaka liishe, sidhani kama karne ile ina mwalimu kumzidi.

Mwaka huo huo wa 1762 Rousseau alitoa vitabu viwili kwa mpigo, Du contrat social na Émile, kitabu cha malezi ya mtoto. Cha kwanza kinafungua kwa kusema mtu amezaliwa huru, na kila mahali yumo minyororoni. Kisha kinauliza ni wapi utawala unapata uhalali. Jibu lake ni kwamba mwenye mamlaka ni watu wenyewe kwa pamoja, na sheria halali ni ile inayotokana na utashi wa wote. Mfalme anabaki mtumishi anayeweza kuondolewa. Voltaire, aliyekuwa akiandikiana na watawala kama Friedrich wa Prussia na Yekaterina wa Urusi, hakuwahi kufika huko. Yeye alitaka mtawala mwenye akili na mahakama safi, na hakuwa na imani kubwa na umati.

Hapa sharti nikutahadharishe. Rousseau huyo huyo anasema atakayekataa utashi wa wote atalazimishwa kuwa huru. Na karibu na mwisho wa kitabu anapendekeza dini ya uraia yenye itikadi chache: asiyeziamini afukuzwe, na aliyezikubali hadharani kisha akaishi kama asiyeziamini auawe. Wapo wanaomtetea kwa ufasaha, na nimewasoma. Bado kurasa hizo zinanitisha, kwani tumeshasikia watawala wengi wakisema kwamba wao ndio wananchi na anayewapinga anawapinga wananchi.

Vitabu vyenyewe vilimponza. Bunge la Paris, ambalo zama hizo lilikuwa mahakama, liliihukumu Émile kwa sababu ya sura ya imani isiyohitaji kanisa, likatoa amri akamatwe. Akakimbia. Geneva, mji aliojivunia kuwa raia wake, ukavichoma vyote viwili. Mwaka 1765 nyumba yake huko Môtiers ilipigwa mawe usiku.

Na mtetezi wa uvumilivu alikuwa wapi? Mwishoni mwa 1764 lilitokea kijitabu kisicho na jina la mwandishi, kikiutangazia ulimwengu kwamba Rousseau, mwalimu wa malezi, aliwatelekeza watoto wake. Aliyekiandika ni Voltaire. Habari yenyewe ilikuwa na ukweli mchungu: watoto watano aliozaa na Thérèse Levasseur walipelekwa kituo cha watoto waliotupwa, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana nasema usichague kwa kuangalia nani alikuwa mtu mwema, hutapata wa kuchagua.

Bei ya sukari

Katika sura ya 19 ya Candide, kijana akiwa Surinam, koloni la Waholanzi Amerika Kusini, anamkuta mtumwa Mwafrika amelala chini, hana mguu wa kushoto wala mkono wa kulia. Mkono ulikatwa baada ya kidole kunaswa na kinu cha miwa, mguu baada ya kujaribu kutoroka. Anasema: kwa bei hii ndiyo mnakula sukari Ulaya. Sentensi moja, bila mahubiri. Candide analia, na msomaji naye.

Rousseau ana hoja kamili zaidi. Katika Du contrat social anabomoa sababu moja moja zilizotumiwa kuhalalisha utumwa, na kuhitimisha kwamba maneno "utumwa" na "haki" yanapingana. Ila soma uone mifano yake: Wagiriki, Warumi, mateka wa vita. Watu waliokuwa wakisafirishwa wakati ule ule kwenye meli za Wafaransa hawaonekani. Voltaire aliwaona, akampa mmoja wao sauti, halafu katika vitabu vingine akaandika kwamba Waafrika ni jamii ya viumbe tofauti na iliyo chini ya Wazungu. Kuhusu Wayahudi pia aliandika maneno machafu, mara nyingi. Usisome ukidhani sura ya 19 inamsafisha.

Mambo haya hayakuwa mbali na sisi. Tarehe 14 Septemba 1776, wote wawili wakiwa bado hai, Mfaransa Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Wateja wa biashara hiyo walikuwa mashamba ya visiwa vya Wafaransa, Mauritius na Réunion za leo. Nilipousoma mkataba wa Kilwa baada ya Mkataba wa Jamii, neno "mkataba" lilinibadilikia kinywani.

Kwa wanawake, Voltaire yuko mbele kwa maisha zaidi ya maandishi. Aliishi miaka mingi na Émilie du Châtelet, aliyemfasiri Newton kwa Kifaransa, na alikiri kwamba kwenye hisabati mama yule alimwacha nyuma. Rousseau, kwenye kitabu cha mwisho cha Émile, anamlea msichana Sophie ili ampendeze mume. Mwingereza Mary Wollstonecraft, mtetezi wa haki za wanawake, alimjibu mwaka 1792, na jibu lake bado lina moto.

Uvipate vipi, uvisome vipi

Vyote vimepita muda wa hakimiliki, kwa hiyo vinapatikana bure mtandaoni kwa Kifaransa na Kiingereza. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura aliyesoma Kifaransa shuleni amchukue Voltaire katika lugha yake: sentensi zake ni fupi, zina makali, na mwanafunzi anajifunza Kifaransa humo humo. Rousseau anataka pumzi. Sentensi yake inapanda, inazunguka, inarudi, na anaposhika mdundo unasahau kwamba hukubaliani naye.

Candide ina sura thelathini fupi. Ukianza Jumamosi asubuhi, Jumapili umemaliza. Dictionnaire philosophique, kamusi yake ya falsafa, ni ya kufungua popote, kama gazeti la zamani. Tamthilia zake, ambazo watu wa wakati wake waliziona ndizo zitakazodumu, ziache. Na ile kauli kwamba hakubaliani na unachosema lakini atatetea mpaka kufa haki yako ya kukisema, usiitafute. Iliandikwa na mwandishi wa maisha yake, Evelyn Beatrice Hall, mwaka 1906.

Kwa Rousseau, mlango wangu wa pili ndio ulionifaa: hotuba ya 1755 kuhusu chanzo cha kutokuwa sawa kwa watu. Ruka utangulizi wote mrefu, nenda sehemu ya pili, kwenye mtu wa kwanza aliyezungushia ardhi uzio akasema "hii ni yangu" na kukuta watu wepesi wa kumwamini. Mwenye kesi ya kiwanja nyumbani kwao hatalala. Alipotumiwa nakala, Voltaire alimwandikia kwamba kukisoma kunampa mtu hamu ya kutembea kwa miguu minne. Ni utani mzuri, ila ni utani wa mwenye uzio.

Baada ya hapo chukua Confessions, yaani Maungamo, masimulizi ya maisha yake mwenyewe, vitabu sita vya kwanza kati ya kumi na viwili. Humo anasimulia alivyoiba utepe akiwa mtumishi Turin, akamsingizia mpishi kijana Marion, wakafukuzwa wote wawili, na uso wa binti yule ukamsumbua maisha yake yote. Voltaire asingeandika ukurasa ule hata angeishi miaka mia. Mkataba wa Jamii uje wa tatu, ukiwa tayari unaijua sauti inayozungumza. Émile isubiri mpaka uwe na mtoto, au uwe na hasira.

Basi uchaguzi wangu: aliyechoka, anayetaka kucheka na kukasirika kwa wakati mmoja, au anayeingia falsafa kwa mara ya kwanza, aanze na Candide. Aliye na mwezi mzima, na swali linalomkera kuhusu kwa nini wengine wana na wengine hawana, aende moja kwa moja kwenye ule uzio. Mimi Voltaire nimemsoma nikamaliza hamu. Rousseau bado tunagombana, na kitabu kimeshatoka chini ya godoro.